Udongo Mweusi wa Kisaka

Tulimzika Nyamhanga Jumanne, kwake Machochwe, katika kaburi ambalo wanawe walikuwa wamelijengea saruji na kulibandika vigae vya bluu. Nilivitazama vile vigae kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama jeneza, mpaka binti yake mmoja akadhani nimezidiwa na huzuni, akaniletea kiti. Huzuni ilikuwapo, sikatai. Ila nilikuwa pia na hasira zangu za kizee: mtu aliyewajengea watu nyumba nusu ya wilaya kwa udongo, mawe na nyasi, leo anafunikwa kwa vigae vya dukani kama bafu la hoteli! Kisha mchungaji akaniita niseme machache, kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliosoma naye. Nikasema alikuwa fundi hodari na mtu wa watu, nikakaa chini. Watu wakaitikia amina. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na bado nilirudi nyumbani Tarime nikijiona mwongo. Katika kumbukumbu hizi, sura ya mwaka ule nimeiruka mara mbili, nikijisingizia kwamba macho yanauma. Macho bado yanauma, lakini sasa naiandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mwaka wangu wa tatu na wa mwisho katika shule ya ufundi iliyokuwa kilimani, mwendo mfupi kutoka Tarime mjini. Chumba chetu cha kuchorea kilikuwa zamani ghala la kahawa, na siku za mvua harufu ya kahawa mbichi ilipanda kutoka kwenye mbao za sakafu mpaka tukawa tunapiga chafya juu ya ramani zetu. Kulikuwa na meza nne ndefu, madirisha mawili, na ukutani picha ya daraja la chuma la Ulaya ambayo hakuna aliyejua nani aliitundika. Mwalimu wetu, Zakaria, alikuwa mtu wa Ukerewe, mfupi, mwenye koti la kaki ambalo mifuko yake ilijaa mabonge ya udongo. Siku ya kwanza ya muhula aliingia, akafuta ubao, akasema, "Mwaka huu hamtagusa saruji, wala bati, wala msumari. Mtachora nyumba na kuijenga kwa vitu mnavyoweza kuvifikia kwa miguu yenu." Tukatazamana. Sisi tulikuwa tumekuja pale kuzikimbia nyumba za udongo! Kila mmoja wetu aliota kuvaa kofia pana na kusimamia watu wakichanganya zege. Wakati wa chakula kulikuwa na manung'uniko tele, na mmoja wetu akasema kama ni udongo angebaki kwa mama yake, maana mama yake anakandika vizuri kuliko mwalimu yeyote. Zakaria, aliyekuwa anapita dirishani na sahani yake, akamwambia basi huyo mama aletwe, atamwachia kiti.

Kwa miezi mitatu hakuturuhusu kushika penseli. Alitutembeza. Tulishuka mabondeni na kupanda vilima na magunia mgongoni, tukarudi na udongo wa mashambani, wa mitoni, wa vichuguu. Tuliulowesha na kuuviringisha viganjani kama kamba: unaokatika upesi una mchanga mwingi, unaojikunja bila kukatika ni mfinyanzi. Tuliuonja pia, tukasikiliza mchanga ukikwaruza meno. Siku moja alitukalisha tangu asubuhi hadi saa nane mchana tukitazama kundi la ng'ombe waliolala, tuone wanaugeuzia upepo mgongo upande gani, ndipo tujue dirisha la nyumba likae wapi. Siku nyingine alitupeleka kwenye mwamba, tukawasha moto wa kuni kavu juu yake, tukangoja jiwe liive. Ndivyo alivyosema, liive. Kisha tukalimwagia mtungi wa maji ya baridi. Likalia paa, likaachia bamba safi lenye unene wa kiganja, nasi tukapiga kelele za furaha kama watoto, watu wazima sisi wenye ndevu. Siku hizi nawaona vijana wanaotoka vyuoni wakija na mashine kupima udongo, mashine inatoa karatasi, karatasi inatiwa kwenye jalada. Sina ugomvi na mashine. Ninachokumbuka tu ni kwamba ule mwaka nilikuwa naijua nchi yetu kwa ulimi wangu. Na nilikuwa nachora vizuri. Penseli ziliporudishwa, ramani zangu ndizo Zakaria alizobandika karibu na lile daraja la chuma, na nilikuwa napita pale hata nikiwa sina shida ya kupita.

Nyamhanga alikaa meza moja nami. Baba yake alikuwa amehamia Machochwe kufuata malisho, kule mashamba yanakoishia na nyika ya wanyama kuanza, na kwa sababu ya kuhama huko kijana alichelewa kutahiriwa. Mimi, niliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kama miwili, nilitahiriwa msimu mmoja kabla yake. Kwa sisi Wakurya hilo lilitosha. Siku ya kuzaliwa ni habari ya mama yako. Aliyetangulia kutahiriwa ndiye mkubwa. Kwenye sinia la ugali wa wimbi na dagaa, Nyamhanga hakutia mkono kabla yangu. Nikichelewa kwa sababu ya ramani, alikaa akiutazama ugali unavyopoa. Akiniona nakosea, alingoja tuwe wawili, na hata hapo alizunguka sana kabla ya kufika. Mbele ya watu, na hasa mbele ya wanawake, hakuweza kunipinga kabisa. Ingekuwa kama kunivua nguo. Nililiona jambo hilo la kawaida, na kusema ukweli nililifurahia. Nilimwita "mura", yaani kijana, mtu aliyenizidi kimo na mabega, naye aliitika.

Mwezi wa tano, mvua zilipoelekea kwisha, Zakaria akatugawa wawili wawili na kutupa kazi ya mwaka. Mimi na Nyamhanga tulipewa Kisaka, ng'ambo ya mto Mara. Kulikuwa na zahanati ndogo pale, na akina mama waliokaribia kujifungua walikuja kutoka mbali, wengine mwendo wa siku nzima, wakawa wanangojea siku yao ndani ya kibanda cha jiko, moshi ukiwachoma macho. Tuwajengee nyumba ya kungojea. Mwisho wa mwaka Mkaguzi angefika. Nyumba ikipita, sote wawili tungepata cheti, na cheti kile kilikuwa mlango wa kazi ya ujenzi serikalini. Mimi nikishindwa ningeweza kurudia mwaka. Nyamhanga hakuwa na nafasi hiyo. Baba yake alikwishamwambia kwamba mwaka ukiisha bila cheti, arudi kwenye ng'ombe. Aliniambia habari hiyo tukifunga mizigo, huku anacheka, lakini aliisema mara mbili.

Nilifika Kisaka kiangazi kimekolea, na ramani mkononi, nimeshaichora yote Tarime: nyumba ndefu ya vyumba viwili, baraza upande wa jua la asubuhi, madirisha yanayotazamana. Kilichobaki ni mahali pa kuiweka. Nyuma ya zahanati palikuwa na uwanja tambarare wa udongo mweusi, mgumu kama sakafu, karibu na maji na karibu na dresa, yule mhudumu aliyekuwa anaendesha zahanati. Mbali kidogo palikuwa na mwinuko wa mawe wenye vichaka. Wanawake wa pale walikuwa wamekuja kutuona, wakiongozwa na Mama Robi, mama mwenye sauti nzito ambaye ndiye angewasimamia kukandika kuta. Nikasimama katikati ya uwanja nikapiga mguu chini.

"Hapa," nikasema.

Nyamhanga akachomeka fimbo yake katika mpasuko mmoja wa ardhi. Ikazama mpaka karibu na mkono wake. Akaitoa, akaitazama ncha.

"Ardhi ya huku hii," akasema taratibu, "ina mambo yake."

"Ni kiangazi tu. Ardhi gani isiyopasuka kiangazi?"

"Kule kwenye mawe kuna upepo mzuri, Mwita."

"Mura, sema tu umechoka kupandisha maji hata kabla hujaanza!"

Wanawake wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, akaweka fimbo begani, na maneno hayo hakuyarudia tena. Leo hii mkulima yeyote wa kule angekuambia kwamba udongo ule mweusi hulala kiangazi kama mfu, na mvua ikinyesha huvimba na kusukuma kila kilicho juu yake. Nyamhanga alikua juu ya udongo wa namna hiyo. Mimi nilikua juu ya udongo mwekundu wa milimani, usiomsumbua mtu. Nami, mwanafunzi bora wa Zakaria, niliupima udongo wa kichuguu wa kufyatulia tofali mara tatu, nikauviringisha, nikauonja, nikaandika matokeo kwa mwandiko mzuri. Ule niliosimama juu yake sikuokota hata bonge moja.

Na bado, nikiulizwa ni miezi gani nilikuwa na raha maishani, nitaitaja ile ya Kisaka. Tulilala stoo ya zahanati, katikati ya maboksi yenye harufu ya dawa ya vidonda. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, mchana Mama Robi alituletea ugali na mgagani uliopikwa kwa maziwa, mchungu kwanza halafu mtamu, kwenye chungu cheusi alichokishika kwa majani. Nyamhanga alikuwa akinitajia kila nyasi kwa jina: hii huoza msimu mmoja, hii mchwa wanaipenda, hii ndefu ya bondeni ikatwe ikishakauka mbegu ndipo itakaa miaka. Alipanda paani akaezeka peke yake, akiimba kwa sauti mbaya sana. Wanawake walikandika kuta kwa udongo na samadi, wakisema habari za waume zao kana kwamba sisi tuliokuwa ng'ambo ya ukuta ni viziwi. Nilijifunza mengi juu ya ndoa kupitia ukuta ule, kabla sijaoa. Waliisifia pia kazi yetu, na mmoja alisikika akisema yule mrefu anaezeka vizuri, huyu mfupi anaonyesha kidole vizuri. Nyamhanga alikaribia kuanguka kutoka paani kwa kujizuia asicheke.

Kati ya waliokuwa wakingojea alikuwamo Bhoke, mwanamke mdogo kutoka upande wa Machochwe, ambaye mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika nyumbani. Mara hii mumewe alimleta mapema kabisa, akamwacha pale na mkeka na kuku mmoja. Kila jioni alikuja na kikohozi chake cha moshi kuikagua nyumba. Tulipomaliza sakafu aliingia, akazunguka, akachagua pembe ya kaskazini chini ya dirisha. "Hapa ni pangu," akatuambia. "Mtu asiniwekee mzigo." Akaegemeza mkeka wake ukutani kuishika nafasi, kwa sababu Mkaguzi alikuwa hajafika na hakuna aliyeruhusiwa kulala humo kabla yake.

Mvua za vuli zilianza siku kumi hivi kabla ya Mkaguzi. Zilinyesha siku tatu mfululizo, nasi tukakaa stoo tukijisifu kwamba paa halivuji. Siku ya nne asubuhi jua likatoka, Mama Robi akaja kutuita. Alitupeleka mlangoni akausukuma mlango, nao ukakwama nusu. "Jana ulikuwa unafunguka," akasema. Nikaingia kwa ubavu. Katika pembe ya kaskazini, kutoka kwenye dirisha kushuka hadi chini, palikuwa na ufa ambao vidole vyangu vyote viliingia, na nje ya ukuta udongo mweusi ulikuwa umevimba na kuinuka. Mkeka wa Bhoke ulikuwa bado umeegemea pale pale. Nilijua papo hapo nimefanya nini. Napenda kuandika kwamba sikujua, lakini nilijua, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa Bhoke. Lilikuwa ramani yangu iliyobandikwa Tarime.

Mama Robi alipoondoka, nikamwambia Nyamhanga, "Tuzibe."

"Tuzibe," akarudia. Haikuwa swali wala jibu.

"Tunachanganya udongo wa kichuguu na samadi na majivu, tunapaka, tunapiga chokaa ya udongo mweupe juu. Mlango tunauranda. Mkaguzi akishapita tutatafuta njia."

"Na hawa akina mama?"

"Nimesema tutatafuta njia, mura."

Akaenda kuchota maji. Alichanganya mwenyewe, akapaka mwenyewe, kwa mikono yake mikubwa, akasawazisha mpaka huwezi kujua. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alipomaliza alisimama akiitazama muda mrefu huku udongo unakauka kwenye vidole vyake. Alisubiri niseme neno jingine. Miaka yote hii nimekuwa na hakika kwamba alikuwa anasubiri. Nilimwambia tu kwamba imependeza.

Mkaguzi alikuja na Zakaria katika gari la serikali lililojaa matope. Alikuwa Mzungu mnyamavu, mwenye daftari refu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru wapagazi, lakini hakuwa mtu mbaya. Aligonga kuta kwa kiungo cha kidole, akainama kutazama mafiga ya nje, akasimama chini ya paa akiangalia mafungo ya kamba moja moja. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana." Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, dresa amevaa soksi ndefu, Bhoke amebeba mkeka mkononi tayari. Mkaguzi akafungua daftari akauliza, "Nani alichagua mahali?" Nikavuta pumzi niseme ni mimi, kwa fahari, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa amesema nzuri sana.

"Ni mimi, bwana," Nyamhanga akasema.

Akapita mbele yangu. Akachukua jembe lililokuwa karibu na mlango, akakwangua lipu ya pembe ya kaskazini mara mbili, ikaanguka bonge zima, na ufa ukaonekana, mpana kuliko tulivyouziba. Nuru ya nje ikaingia ndani.

"Nilichagua hapa, nilikosea," akasema. "Udongo huu unavimba. Nikaona ufa nikauziba, huyu mwenzangu hakujua. Mtu asilale humu."

Mkaguzi aliutia mkono wake kwenye ufa, akautoa, akaupangusa kwa leso. Zakaria hakuuangalia ufa. Alikuwa ananiangalia mimi, na mimi nilikuwa naviangalia viatu vyangu, na nilivijua vizuri siku ile: kimoja kilikuwa na kamba ya katani. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilikuwa na muda wa kutosha, kwa sababu Mkaguzi alikuwa anaandika polepole. Alipomaliza akasoma kwa sauti kwamba nyumba ibomolewe, kwamba mwanafunzi Mwita amepita kwa ramani na kazi ya mikono, na mwanafunzi Nyamhanga, kwa kuficha kasoro ya hatari, hapati cheti. Bhoke alikunja mkeka wake akarudi jikoni, na nikasikia akianza kukohoa kabla hata hajafika.

Nilikwenda stoo kufunga sanduku langu, kwa kuwa nafasi ya gari ilikuwa ya mtu mmoja, aliyepita. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mabanzi, na nje yake Mama Robi alikuwa akiongea na Nyamhanga kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Wewe ni mjinga kweli," alikuwa akisema. "Sisi wote tulimwona yule mfupi akipiga mguu chini. Kwa nini hukumwambia siku ile?"

"Mbele yenu? Ni mkubwa wangu."

"Na leo je?"

"Leo sikumsema yeye, mama. Nimejisema mimi. Mtu kujilaumu mwenyewe hakuna aliyemkataza."

"Na baba yako?"

"Baba atasema maneno yake, nitasikiliza. Kwanza nataka hawa watu wapate pa kulala. Kule kwenye mawe msingi hauhitaji kuchimbwa."

Nililifunga sanduku. Nikaingia garini, nikakaa nyuma ya Mkaguzi, na njia nzima hadi mtoni nilikuwa nikijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Roho ilinisuta na nikaijibu, ikanisuta tena na nikaijibu tena, na kufika Tarime nilikuwa nimechoka kuliko aliyetembea.

Cheti nilikabidhiwa katika kile chumba cha kahawa. Zakaria alikiweka juu ya meza, hakunipa mkononi. Nikamwambia. Nilianza na ule uwanja mweusi na mguu wangu, nikamaliza na lipu.

"Nilijua pale pale," akasema. "Ile ramani ilikuwa na baraza kabla haijawa na mahali. Hiyo ni wewe."

"Sasa mbona hukusema, mwalimu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akatoa bonge la udongo mfukoni, akaliviringisha bila kulitazama. "Nitaandika barua. Lakini Bwana Mkaguzi ameshaenda Musoma na daftari lake, na watu wa daftari hawapendi kufuta."

Aliandika, namwamini. Jibu halikuja. Mimi nilifanya kazi ya serikali miaka zaidi ya thelathini kwa nguvu ya karatasi ile, nimejenga shule na madaraja na ofisi ambazo bado zimesimama, na Nyamhanga alijenga Machochwe na Kisaka na vijiji vyote vya katikati bila karatasi yoyote, akilipwa mbuzi, mahindi, mara nyingine asante. Hatukuwahi kugombana. Alipoozesha binti zake nilikaa meza ya mbele. Mara moja tu, tukiwa wazee, nilitaka kulisema lile jambo, akanikatiza kwa kuniuliza kama ngiri wanashambulia mihogo upande wetu pia. Na wanawe nimeona juzi msibani wanajua tu kwamba baba yao alifeli shule kwa kosa lake mwenyewe. Walilitaja huku wakicheka kwa upendo, nami nikiwa nimekaa kwenye kile kiti nilicholetewa. Nikiimaliza sura hii, wao ndio watakaoisoma kwanza.

Siku tatu baada ya kupewa cheti nilipanda lori hadi Nyangoto, ambako watu walikuwa wakichekecha mchanga wa vijito wakitafuta dhahabu, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu. Mto Mara ulikuwa umejaa, nikavushwa kwa mtumbwi na mtu aliyeniuliza naenda wapi na nguo safi namna ile. Kisaka nilifika mchana. Nyumba yangu ilikuwa imeshabomolewa, nyasi za paa zimefungwa vizuri matita matita, tofali nzima zimepangwa pembeni. Juu kwenye mwinuko wa mawe kulikuwa na moshi. Nikasikia ule mlio wa paa wa jiwe linalopasuka, na wanawake wakipiga vigelegele kama tulivyopiga sisi kelele siku ile ya kwanza na Zakaria.

Nikapanda. Msingi wa mabamba ya mawe ulikuwa umefika magotini, umekaa juu ya mwamba wenyewe, umepinda kidogo kuufuata. Hakukuwa na ramani popote. Bhoke alikuwa ameketi chini ya kichaka, tumbo limeshuka, anasuka kamba. Mama Robi aliniona kwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa jicho lisilo na ahadi yoyote. Nyamhanga alikuwa ameinama akisawazisha bamba, akainuka, akanitazama, akasema, "Umefika." Nikavua shati. Nikachukua jiwe kubwa lililo karibu, nikalibeba hadi kwenye kona, nikaliweka, nikaligonga kwa kiganja kama mtu anayejua.

Nyamhanga alilitazama lile jiwe. Kisha akawatazama wanawake, wote walioshika mitungi na walioketi, kana kwamba anataka kuwa na hakika kwamba wanasikia.

"Mwita," akasema kwa sauti ya kutosha mwinuko wote. "Jiwe hilo si la hapo. Litoe."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Mama Robi aliutua mtungi chini taratibu, anione nitafanya nini. Nikainama nikalitoa, nikasimama nalo limenilemea kifuani, nikamwuliza, "Niliweke wapi?"